Aliyecheka Nyuma ya Kamera

Baba Chiriku aliazima viti kumi na sita, akavifuta vumbi kimoja kimoja, akavipanga sebuleni mpaka vya mwisho vikatokeza nje ya mlango. Alikuwa bawabu wa shule, na kupanga viti ilikuwa kazi anayoijua. Jumapili ile, saa kumi alasiri, televisheni ingeonyesha filamu ya vita iliyopigwa na askari wenyewe wakiwa mstari wa mbele, na mmoja wa askari hao alikuwa mwanawe.

"Walifungiwa kamera ndogo hapa, juu ya kofia ya chuma," aliwaeleza majirani kwa mara ya tano, akijigonga paji la uso. "Anachokiona askari ndicho utakachokiona wewe. Hakuna kuigiza."

"Sasa yeye mwenyewe tutamwonaje?" akauliza kinyozi wa mtaani. "Si yeye ndiye kamera?"

"Kinyozi, umekuja kutazama au kunihoji?"

Watu wakacheka. Mama Chiriku hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe aliyeegemea mlango wa jikoni, mikono mfukoni, kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo wake usiojua kituo. Tangu arudi, wiki saba sasa, ukimsalimu anakujibu kwa kidevu.

Kiti cha mbele kabisa kiliachwa kwa Mama Twiga. Mwanawe, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, alikua na Chiriku mtaa mmoja, wakaingia jeshini mwaka mmoja, wakapangwa kikosi kimoja. Chiriku alirudi kwa miguu yake. Twiga alirudishwa ndani ya sanduku. Mama Twiga alikuja saa kumi kasorobo, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, akaketi pale alipoonyeshwa.

"Nimekuja kumwona mwanangu akitembea," alisema. "Basi. Sitaki kingine."

Na kweli alimwona. Alimwona akibadilisha gurudumu la lori, akinyoa ndevu mbele ya kioo cha pembeni cha gari, akiinama ili aingie kwenye hema ambalo wenzake wote waliingia wima. "Chiriku, ondoa hiyo kamera yako usoni kwangu, nitakuzaba kofi," alisema Twiga kwenye televisheni, na sebule nzima ikapiga makofi. Mama Twiga alicheka mpaka akafuta machozi. Mama Chiriku aliyeketi nyuma yake akamshika bega, na mwenzake akaufunika ule mkono kwa mkono wake.

Kisha ikaja barabara ya vumbi na magari matatu yakifuatana. Hakuna aliyeona kilichotokea, maana kulitokea mshindo tu, na picha ikapinduka: mbingu, udongo, moshi, udongo tena. Ilipotulia ilikuwa imelala ubavu. Mbele yake zilionekana buti mbili, ndefu kupita kawaida, ambazo Twiga mwenyewe aliwahi kusema jeshi zima lilihangaika kumtafutia saizi yake. Hazikutikisika.

Hapo ndipo kikasikika kicheko. Kilikuwa karibu sana, kana kwamba aliyecheka yumo humo sebuleni: cha juu, chepesi, cha mtu aliyetekenywa. Kikakatika. Picha ikawa ya bendera nusu mlingoti, na sauti nene ya msimulizi ikaanza kusoma majina ya walioanguka.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Walikuwa wameishi na sauti ile miaka ishirini na mitatu. Mama Chiriku aligeuka kutazama mlango wa jikoni. Hapakuwa na mtu.

Mama Twiga aliutoa mkono wa mwenzake begani mwake, taratibu, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo. Akasimama.

"Asanteni kwa kiti," akasema, na watu wakampisha.

*

Mama hao wawili walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kufulia, kinachofua mashuka ya hospitali na hoteli. Mashine hufua na kukausha, lakini kukunja ni kwa mikono, na shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wawili husimama wakitazamana, kila mmoja na ncha zake mbili, wanavuta, wanakung'uta, wanasogeleana mpaka vidole vinagusana, mmoja anampa mwenzake ncha na kuokota mkunjo wa chini. Mashuka mia mbili kwa siku. Mama Chiriku na Mama Twiga walikuwa wamesogeleana namna hiyo kwa miaka kumi na minne, na walikuwa hawahesabu tena wala kusemeshana; mikono ilikuwa inajua.

Jumatatu, Mama Twiga aliingia, akavaa aproni, akapita meza yao bila kupunguza mwendo. Akaenda kwa mama mnene wa taulo.

"Njoo tukunje," akamwambia.

"Mimi? Mimi ni wa taulo, dada."

"Leo uwe wa mashuka."

Mama Chiriku alibaki na rundo lake. Alijaribu kubana ncha moja kwa kidevu, nyingine akaikandamiza ukingoni mwa meza kwa kiwiko. Shuka likateleza, likaburuza sakafuni. Msimamizi alikuwa anapita.

"Hilo linarudi kwenye mashine," akasema. "Na wewe utalisubiri. Umeanza kazi leo?"

Saa ya chai alimfuata Mama Twiga kwenye bomba la kuoshea vikombe. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, lakini yalitoka ovyo.

"Mwenzangu, nisikilize. Yule mtoto akiogopa hucheka. Tangu mdogo. Babu yake alipozikwa alicheka mbele ya kaburi, tukamtoa tukimfunika mdomo. Shuleni alikuwa akichapwa mara mbili, moja ya kosa na moja ya kucheka kabla ya fimbo. Unakumbuka? Lazima unakumbuka."

"Nakumbuka alikuwa mtundu," Mama Twiga akasema, akiendelea kusuuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata. "Wa kwangu alipoogopa alikuwa analia. Mbona kilio chake sikukisikia? Nimekaa pale mbele, masikio yangu yote mawili wazi, nikasikia cha kwako tu."

"Si furaha ile. Nakuapia."

"Usiape. Filamu inarudiwa Jumapili ijayo, wametangaza. Nchi nzima itasikia tena mtu akichekelea miguu ya mwanangu. Nenda kawaapie na wao."

*

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Wanafunzi wa shule anakofungua geti Baba Chiriku walikuwa wamejifunza kile kicheko kwa siku moja tu. Walipita mmoja mmoja, wakamwamkia kwa adabu, na wakishafika mbele kidogo wanakitoa, cha juu, chepesi, kisha wanakimbia.

"Shikamoo mzee, halafu ha-ha-ha-ha!" aliwaigiza mezani, akiusukuma mkate wake. "Watoto wa darasa la tano! Mimi niliyeazima viti! Kinyozi amekuja kuchukua vyake viwili, hakuniangalia usoni. Kinyozi, ambaye akianza kuongea hata wembe unachoka!"

"Punguza sauti, yumo chumbani," mkewe akasema.

"Anisikie. Wewe! Si ungepiga hata yowe? Watu wote duniani wakishtuka wanapiga yowe. Ungetukana hata mama yako mzazi, tungeelewa."

Chiriku alitokea mlangoni. Alikuwa amekonda shingo. "Sikuchagua, baba."

"Basi nenda kwa mjomba wako huko mpaka maneno yapoe."

"Haendi popote," Mama Chiriku akasema. Akamgeukia mwanawe. "Sikiliza. Kwa Mama Twiga ni mlango wa tatu kutoka duka la mkaa, unaujua. Nenda kwa mama yako yule, kaa chini, mweleze kwa mdomo wako. Mimi nimejaribu nimeshindwa. Ya askari husemwa na askari."

Chiriku alimtazama. "Unajua nitafanya nini nikisimama mbele yake," alisema polepole. "Unajua, mama. Unataka nikamfanyie hivyo mlangoni kwake?"

Mama Chiriku alikuwa amelifikiria hilo naye, akalisukuma pembeni, nalo sasa lilikuwa limeketi katikati ya meza. Palihitajika njia nyingine. Kama kicheko kiliingizwa kwenye filamu na watu, alijiambia, basi watu hao wanaweza kukitoa.

*

Jumatano aliomba ruhusa isiyo na malipo, akavaa viatu vyake vya kwenda kwenye shughuli, akaenda kituo cha televisheni. Mapokezi wakamwambia wao huonyesha tu; waliotengeneza ni kampuni, mtaa wa pili, ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa mbovu. Kule juu akaambiwa mhariri yuko kwenye kikao, akae. Alikaa kutoka saa tatu mpaka saa saba, chini ya picha kubwa ya filamu ile ile: askari wanne wamegeuza migongo, na wa kulia kabisa mrefu kuliko wote. Wafanyakazi walipita na vikombe vyao. Mmoja alimuuliza kama ndiye dada mpya wa usafi.

Mhariri alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kutazama vioo vya kompyuta. Alimvutia kiti mwenyewe.

"Mama, pole. Lakini jina la mwanao hatukulitaja popote."

"Sauti yake mtaani kwetu haihitaji jina."

"Alitia sahihi, unaona? Wote walitia. Picha na sauti." Alimwonyesha karatasi. Sahihi ilikuwa ya Chiriku kweli, na mkia wake wa kujivuna chini. "Na pale, kusema kweli, ndipo kila mtu anapopazungumzia. Watu wanataka kuona jinsi vita vinavyomharibu binadamu. Kile kicheko kinasema yote."

"Kinasema nini?"

Mhariri akakuna shingo. "Kwamba... mtu anafika mahali hajali tena."

Mama Chiriku aliweka mkoba wake magotini. Hakupandisha sauti, hakuwahi kujua kuipandisha. "Wewe humjui. Ulipokata, baadaye kulikuwa na nini?"

"Baadaye?"

"Kicheko kilikatwa katikati. Mimi nakunja mashuka, mwanangu, naujua ukingo wa kitu uliokatwa na ukingo uliopindwa. Kulikuwa na nini?"

Yule kijana akatazama mlango, kisha meza. "Kuliendelea hivyo hivyo," akasema. "Dakika tatu na kitu. Anacheka, anamwita yule mrefu, anamwambia ainuke. 'Inuka, wanatuacha. Inuka, nitamwambia mama yako.' Anacheka tena. Hivyo hivyo mpaka wanakuja kumwondoa. Ilinichosha hata mimi kuisikiliza. Lakini kipindi ni dakika hamsini na mbili, mama. Dakika tatu za ardhi iliyolala ubavu hakuna atakayezitazama."

"Nipe hizo tatu. Sitaki filamu yenu. Nipe hizo, nimpelekee mtu mmoja."

"Siwezi. Mikanda ghafi, ile isiyokatwa, ni mali ya jeshi. Tumeshairudisha."

"Basi toeni kicheko Jumapili."

"Nakala iko kituoni tayari. Kuibadilisha lazima jeshi liidhinishe upya."

Alhamisi alikuwa getini kwa jeshi. Afisa uhusiano alikuwa na kalamu tatu mfukoni na hakuandika kwa hata moja.

"Filamu ni ya kampuni," alisema.

"Kampuni inasema mikanda ni yenu."

"Mikanda ni yetu. Filamu ni yao. Mikanda ni siri ya kijeshi."

"Siri gani, baba, na Jumapili nchi nzima imeangalia?"

"Iliyoangaliwa si siri. Ambayo haijaangaliwa ndiyo siri." Alisema hivyo bila kutabasamu. "Andika barua. Pitishia kwa mwanao, yeye apitishie kwa mkuu wa kikosi chake."

"Mkuu wa kikosi yuko wapi?"

"Yuko mstari wa mbele."

Aliandika barua palepale, akiwa amesimama, kwa kalamu aliyoazimwa na mlinzi wa geti. Yule mlinzi aliisoma barua yote kabla ya kuipokea, kisha akasema, "Mama, hapo juu hujaacha nafasi ya muhuri," akamrudishia aandike upya.

*

Jumamosi asubuhi alimkuta Chiriku uani akifua shati lake, akilikamua mpaka kitambaa kinalia. Alikaa kwenye ngazi karibu naye na kumweleza yote kwa utaratibu, ofisi kwa ofisi, kwa vile ndivyo alivyozoea kueleza mambo. Alipofika kwenye dakika tatu, mwanawe aliacha kukamua.

"Walizikata?"

"Wamezikata. Kipindi kilikuwa kirefu."

"Kwa hiyo watu walisikia nini?"

"Hukusikia?"

"Nilitoka, mama. Niliposikia magari yameanza kunguruma kwenye filamu, nilitoka nje nikaziba masikio." Shati lilikuwa linamwagika maji kwenye miguu yake. "Nilijua wamesikia yote. Nilidhani wamesikia nikimwita, na bado wamenichukia. Nikasema, ni haki yao, maana niliita na sikumwinua."

"Walisikia kicheko tu, mwanangu. Kidogo tu, kama mtu akihesabu moja mpaka nne. Kisha bendera."

Chiriku alilianika shati bila kulikung'uta. Akaingia ndani, akatoka amevaa jingine, limekunjamana.

"Twende," akasema. "Ukiniona nimeanza, usiniondoe. Hata akinifukuza, usiniondoe mpaka niishe."

Walipita kwa kinyozi, ambaye alishusha mkasi. Walipita duka la mkaa. Mlango wa tatu ulikuwa wazi, na Mama Twiga alikuwa kizingitini akichambua nguo za mwanawe, za kugawa upande huu na za kubaki upande ule. Upande wa kugawa haukuwa na kitu. Aliwaona, akasimama, suruali ndefu mkononi.

"Umemleta anifanye nini?"

Chiriku alifungua mdomo. Mama yake akajua kicheko kimefika. Kikatoka: cha juu, chepesi, kilekile cha televisheni, mchana kweupe, mbele ya nguo za marehemu. Jirani mmoja akachungulia dirishani na kusema, "Mungu wangu!" Mama Chiriku aliukamata mkono wake mwenyewe ili usimguse.

Mama Twiga alisonga mbele, suruali imeinuliwa kama atampiga nayo. Kisha akasimama.

Kicheko kile cha vitani alikuwa hajawahi kukiona. Alikisikia tu. Kamera ilikuwa kwenye kofia ya huyu kijana, ikatazama kila alichotazama, lakini uso wenyewe haikuuona hata mara moja. Sasa aliuona. Macho yalikuwa yametoka kama ya mnyama aliyenaswa, machozi yanachuruzika mpaka ndani ya kola, midomo imevutwa nyuma na haitii. Na magoti yalikuwa yakigongana waziwazi ndani ya suruali.

"Mama," alijaribu, na kicheko kikalimeza neno. "Mama, nilimwambia... nilimwambia ainuke..." Kikamkaba tena. "Nikamwambia nitakushtakia wewe. Hakuinuka. Nikamwambia tunaachwa..."

Mama Twiga alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kwenye mwanga, kama mtu anayekagua jino la mtoto.

"Ndivyo ulivyokuwa hivi?" akauliza. "Pale?"

Chiriku akatikisa kichwa kukubali, akicheka.

"Mpeni kiti," Mama Twiga akasema bila kugeuka, "kabla hajaniangukia."

Hakukuwa na kiti karibu. Mama Chiriku akasukuma ndoo iliyokuwa pale, akaifudikiza, mwanawe akakaa. Mama Twiga alibaki amesimama mbele yake, suruali imening'inia, mpaka kicheko kikapungua na kuwa kwikwi, na kwikwi zikaachana. Ilichukua muda mrefu kuliko dakika tatu. Hakumgusa tena. Mwisho alisema, "Nendeni sasa. Nimechoka," akarudi kwenye nguo zake.

*

Jumapili saa kumi filamu ilirudiwa kama ilivyotangazwa. Baba Chiriku alikataa kuiwasha, lakini kuta za mtaa ule ni nyembamba, na televisheni za majirani zilitosha. Walikuwa watatu mezani wakati magari yalipoanza kunguruma nyumba hii na ile. Chiriku alishika ukingo wa meza. Kikaja kutoka kushoto, kikaja kutoka kulia, kikaja kimechelewa kidogo kutoka kwa kinyozi. Kisha majina.

"Watairudia mpaka lini?" Baba Chiriku akauliza. Hakuwa anamuuliza mtu. Kisha alinyoosha mkono, akauweka juu ya ule wa mwanawe pale ukingoni, akauacha.

Barua ya jeshi ililetwa Jumatatu asubuhi, ina muhuri. Ilisema ombi limepokelewa na kwamba mwombaji hana haja ya kufuatilia. Mama Chiriku aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaenda kazini.

Rundo la hospitali lilikuwa limeshafika mezani, lina joto la mashine. Mama mnene wa taulo alikuwa kwenye taulo zake. Mama Chiriku alichukua shuka la juu, akabana ncha kwa kidevu kama alivyojifundisha wiki ile, akaanza kupapasa ncha ya pili. Shuka likavutwa.

Mama Twiga alikuwa upande wa pili wa meza, ncha mbili mkononi, macho kwenye kitambaa. Msimamizi alisimama kidogo, akalitazama shuka, akapita.

"Vuta basi," Mama Twiga akasema. "Unalegeza nini? Bado mia na tisini na tisa."